Muulize Sista: Nilikuja na kichwa, mbona naulizwa kuhusu usingizi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka mitaa ya Nairobi ambako hospitali kubwa iko mbali kwa nauli hata kama si kwa kilomita. Karibu zote zinazunguka jambo moja: vituo vya afya vya mtaani vimeanza kuwauliza watu habari za akili zao, na watu hawajui wafanye nini na maswali hayo. Nimechagua tano. Majina nimeyaondoa, barua ndefu nimezipunguza, na moja ya kunisuta nimeiacha na makali yake kwa kuwa mwenyewe ana haki ya kukasirika.

*

Sista, hujambo. Mimi ni mama mboga hapa Mukuru. Tangu mafuriko ya 2024 na bomoabomoa iliyofuata kando ya mto, kichwa hakiniachi. Usiku sipati usingizi, mwili umechoka hata kabla sijafika Marikiti, na moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nimepewa Panadol, nimepewa antibayotiki, nikapimwa presha nikaambiwa iko sawa. Juzi nesi aliniingiza chumba cha pembeni akanisomea maswali tisa, mengine ya ajabu: kama chakula kinapita, kama najiona nimeshindwa na maisha, kama nimewahi kuona ni afadhali nife. Kisha akaandika jina langu kwenye daftari kubwa, akasema atanipigia simu na atamtuma mhudumu wa afya wa mtaa wetu anitembelee. Binti yangu anasema hiyo ndiyo njia ya kunipeleka Mathari. Mimi nilikuja na kichwa. Hawa watu wananitakia nini?
Mama Mboga, Mukuru

Mama, tuanze na binti yako. Mwambie hakuna anayepelekwa Mathari kwa kujibu maswali tisa. Hospitali ile ya Thika Road imekuwapo tangu 1910, na kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na jibu jingine la maana kwa mtu aliyesumbuka akili. Ndiyo maana hadi leo kuna wazazi wanaoitaja kuwatisha watoto. Nimefanya kazi katika wodi zake na ninaiheshimu. Lakini wodi ni ya mtu aliyezidiwa. Wewe unaamka alfajiri kwenda sokoni, unauza, unalipa chama. Matibabu yako yanapaswa kuwa hapo hapo mtaani, na ndiyo kazi huyo nesi ameianza.

Kichwa chako ni cha kweli, wala hakuna aliyesema unajifanya. Watu wengi wenye sonona, ile vijana wanaiita depreshoni, hawaji kliniki wakisema wana huzuni. Wanakuja na kichwa, mgongo, tumbo linalojaa, moyo unaodunda, usingizi uliopotea. Ukitibiwa kiungo kimoja kimoja utarudi nyumbani na mfuko wa vidonge na kichwa kile kile. Nadhani nesi alifungua kitabu chako akaona umekuja mara nyingi kwa jambo moja, akafanya lililopaswa kufanywa mapema.

Maswali yale yanaitwa PHQ-9. Yalitungwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, yakatafsiriwa kwa Kiswahili, na yamejaribiwa hapa Kenya. Yanahusu wiki 2 zilizopita tu. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla haiwezi kupita 27. Ukifika 10 au zaidi, mhudumu anatakiwa kuketi nawe aulize zaidi: Umefiwa? Unapigwa nyumbani? Una mimba? Kuna pombe? Damu imepungua? Tezi ya shingo iko sawa? Alama peke yake haimpi mtu ugonjwa. Mtu aliyebomolewa nyumba jana atapata alama nyingi, na huenda anachohitaji ni mabati na blanketi kabla ya kidonge chochote.

Swali la kufa ndilo lililokushtua, naona. Kila mtu anaulizwa. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Walio nalo huwa wanangoja mtu aulize, na nimewaona wakishusha pumzi baada ya kuulizwa. Kama jibu lako la kweli ni ndiyo, sema ndiyo. Wapo wanaonyamaza wakiogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Na mawazo hayo yakikujia usiku kliniki ikiwa imefungwa, usikae nayo peke yako: mwamshe binti yako, na mpige 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haitozi pesa.

Sasa hao watu wote waliokuzunguka ghafla. Wamegawana kazi tu. Tabibu, yule mnayemwita daktari, anapima damu na kuamua kama kuna haja ya dawa. Mhudumu wa mtaa anapita nyumbani kuona unaendeleaje. Nyuma yao, mahali ambapo kazi hii imepangwa vizuri, kuna daktari bingwa wa akili ambaye huenda hutamwona maisha yako yote, lakini kila wiki anazungumza na nesi kuhusu watu walio kwenye lile daftari, hasa wale ambao hawapati nafuu. Baada ya wiki chache utaulizwa maswali yale yale tena. Alama zikiwa zimeshuka kwa nusu, mko njiani. Zikigoma hadi wiki ya 8 au ya 12, matibabu yanabadilishwa, si wewe unayelaumiwa.

Katika wote hao, mtu wa kumshika ni mwenye daftari. Siku usipofika, yeye ndiye atakayejua kwamba hujafika. Bingwa hajui, tabibu mwenye foleni hadi getini hajui. Kwa hivyo muulize jina lake, uhakikishe ana nambari ya simu inayopatikana, na ukibadilisha laini mwambie.

Huenda usipewe dawa kabisa. Hali ikiwa si nzito, mazungumzo ya kupangua shida moja baada ya nyingine hutosha, na ni tiba, si maneno matupu. Ukipewa dawa, mara nyingi itakuwa fluoxetine au amitriptyline. Hakuna inayofanya kazi siku hiyo hiyo. Hesabu wiki 2 hadi 4 kabla ya kuona tofauti. Siku za mwanzo huleta kichefuchefu, au kinywa kukauka na usingizi mzito, na hapo ndipo watu wengi hutupa vidonge wakisema vimewadhuru. Usitupe, piga simu kwa nesi. Ukipona pia usikatize ghafla: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtu aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha apunguze polepole. Vidonge viwekwe mahali ambapo watoto hawafiki, na usirundike vingi nyumbani.

Jambo la mwisho, kuhusu mhudumu wa mtaa. Kama ni jirani ambaye hutaki ajue mambo yako, sema. Ni haki yako kumwambia nesi, “Huyu hapana, nitafutie mwingine, au nipigie simu mwenyewe.” Hatakasirika. Akikasirika, niandikie.

*

Sista, mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kangemi. Nyumba zangu ni kama 100. Tulipewa mkoba wenye kipimo cha presha, cha sukari, mizani na simu. Cha mawazo hakuna, lakini nikifunga tu ile mashine ya presha mkononi, mtu ananifungulia roho. Kuna anayepigwa na mumewe. Kuna aliyeniambia amechoka kuishi. Mimi sikusomea ushauri. Nikimsikiliza kila mmoja siku imekwisha, na nikiwaacha silali. Mpaka wangu uko wapi?
Mwenye Mkoba, Kangemi

Dada, kwanza futa hilo la “sikusomea”. Hapa hapa pembezoni mwa Nairobi, watafiti walichukua wahudumu wa jamii wasio na shahada yoyote ya saikolojia, wakawafundisha njia moja fupi ya Shirika la Afya Duniani iitwayo PM+, wakawapa wasimamizi. Wanawake 421 waliingia katika jaribio hilo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Nusu yao walikutana na wahudumu hao mara 5, mara moja kwa wiki, na nusu wakapata huduma ya kawaida ya kliniki. Matokeo yalichapishwa 2017: waliokaa na wahudumu walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Yaliyofundishwa hayakuwa na ugumu. Kupumua polepole mwili ukitaka kukimbia. Kutenganisha shida inayotatulika na isiyotatulika, kisha kuishughulikia ile ya kwanza hatua kwa hatua. Kurudia kazi ndogo ambazo huzuni ilizisimamisha, hata kama ni kufua nguo tatu. Kutafuta mtu mmoja wa kuegemea.

Lakini angalia neno “wasimamizi”. Wale walikuwa na mtu wa kumrudia kila wiki na kumwambia, “Huyu amenishinda.” Wewe unabeba peke yako, na ndiyo maana hulali. Kabla ya kuomba semina nyingine, omba hilo: saa moja kwa wiki na muuguzi wa kituo, wewe na wenzako, mkitaja mnaowafuata. Mnafanya kazi hii kwa posho ya 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti, ikifika kwa wakati. Kwa malipo hayo hakuna mwenye haki ya kukutaka uwe pia hospitali ya akili ya mtaa mzima.

Huyo aliyechoka kuishi hasubiri zamu yako ijayo. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua na kama ana mpango. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, aondolewe dawa na sumu karibu yake, na siku hiyo hiyo utembee naye hadi kituoni. Kumwelekeza kwa mkono hakutoshi. Huyu anayepigwa, usimkabili mumewe hata kidogo. Utaondoka wewe, yeye atabaki. Mpe nambari 1195, laini ya msaada kwa wanaotendewa ukatili, mkiwa wawili tu, na asiihifadhi kwenye simu kwa jina linalojieleza.

Na dada, mambo ya mgonjwa yasifike kwenye chama, hata bila kutaja jina. Kangemi ni ndogo, watu watalijaza wenyewe.

*

Sista, kwa ufupi. Mimi ni wa boda, Dandora. Hii ya akili, bima ya SHA inalipa ama nitaambiwa ninunue kila kitu? Na mwenye pikipiki akijua nimeandikishwa huko si ataninyang'anya?
Wa Boda

Ndugu yangu, SHA ilichukua mahali pa NHIF, bima ya afya ya zamani, Oktoba 2024. Ukiwa umejisajili, huduma za zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, zinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, hata kama hujalipa mchango wa hospitali kubwa. Kumwona tabibu na nesi wa afya ya akili katika ngazi hizo kumo. Shida yako itakuwa dawa ikiwa rafu imekauka. Hapo mwombe akuandikie jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kisha uulize bei katika maduka zaidi ya moja. Fluoxetine ya kawaida haipaswi kukukausha mfuko.

Mwenye pikipiki hana njia halali ya kujua. Rekodi za afya zinalindwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Ila wewe mwenyewe mwambie tabibu kwamba unaendesha, maana amitriptyline inaleta usingizi na siku za kwanza si za kubeba abiria usiku. Mwambie pia kuhusu miraa na pombe. Najua hukuniuliza hilo, lakini nimekutana na wa boda wengi.

*

Sista, nasoma ukurasa wako na mara nyingine nacheka. Unaandika “timu” kana kwamba ipo. Nasimamia kituo cha afya Eastlands. Niko mimi na wauguzi wawili, mmoja yuko chanjo, mwingine yuko na wajawazito. Bingwa wa akili hajawahi kukanyaga hapa. Semina nilienda, hotelini, nikarudi na cheti na mkoba. Sasa unataka nimuulize kila anayeingia maswali tisa? Nikishawapata wagonjwa hao, nani atawatibu?
Tabibu Aliyechoka

Daktari, hilo swali lako la mwisho lingeulizwa mwanzoni mwa kila semina, tungeokoa pesa nyingi za hoteli. Nakubaliana nawe: usiwaulize watu wote. Kumwuliza mtu kama anataka kufa halafu umwambie “pole, anayefuata” ni ukatili wenye fomu. Pale ambapo hakuna la kufanya na jibu, swali lisubiri.

Tunapotofautiana ni hapa. Unasema huna timu. Mimi nasema unayo, ila haijawahi kupewa kazi hii. Fikiria kliniki yako ya HIV. Mtu asipochukua ARV, kuna anayejua, kuna anayempigia simu, na simu isipopatikana kuna anayekwenda hadi mlangoni. Kifua kikuu ni vivyo hivyo. Kituo chako kinajua kumfuata mgonjwa kuliko kliniki nyingi za kulipia zilizoko upande wa pili wa mji. Sonona inahitaji ufuatiliaji huo huo, na mgonjwa wake ana sababu zaidi ya kupotea kwa sababu ugonjwa wenyewe unamwambia hakuna faida ya kurudi.

Najua unataka ushahidi, si mahubiri. Marekani, jaribio lililoitwa IMPACT lilichukua wazee 1,801 wenye sonona katika kliniki 18 za kawaida, katika majimbo 5. Profesa Jürgen Unützer na wenzake waliwagawa: nusu waliendelea na daktari wao kama kawaida, nusu wakaongezewa muuguzi au mwanasaikolojia wa kuwafuata, pamoja na bingwa aliyekuwa akipitia orodha na mhudumu huyo kila wiki. Baada ya mwaka mmoja, waliopungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi walikuwa 45 kwa kila 100 katika kundi la pili, na 19 tu katika lile la kwanza. Matokeo yalitoka 2002. Dawa zilizotumika zilikuwa zile zile ambazo daktari yeyote wa kliniki angeandika. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mtu wa kufuata, na mtu wa kuulizwa.

Utasema hiyo ni Marekani. Basi twende Harare, Zimbabwe. Dkt. Dixon Chibanda alianza katika mtaa wa Mbare mwaka 2006 na akina nyanya waliokuwa tayari wahudumu wa jamii, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio la kliniki 24 lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Harare haina mabingwa wa kumwaga. Ilikuwa na nyanya.

Kwa kituo chako, ningefanya hivi. Ningeanza na watu walio tayari kwenye rejesta: wa HIV, wa TB, wa presha na sukari, na akina mama wanaoleta watoto chanjo. Na hao pia si wote siku moja. Watu 20 wanatosha kwa kuanza. Ningempa daftari muuguzi ambaye wagonjwa hubaki wakiongea naye hata baada ya kuhudumiwa. Unamjua, kila kituo kina mmoja. Angepewa alasiri moja kwa wiki isiyoguswa na chanjo wala mkutano. Daftari lenyewe ni karatasi ya kawaida yenye mistari: jina au nambari, simu, alama za kwanza, tiba, tarehe ya kurudi, alama za sasa. Anayeonekana hana alama za sasa ndiye anapigiwa simu leo. Ukiwa na kompyuta ni vyema. Usipokuwa nayo, usingoje.

Bingwa humhitaji kituoni. Unahitaji saa yake. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 imepanga mitandao ambamo hospitali ya ngazi ya 4 ni kitovu cha zahanati na vituo vinavyoizunguka, na timu ya fani mbalimbali inapaswa kuwatumikia nyote. Mwandikie msimamizi wa mtandao wako barua ya mistari mitatu: tunataka muuguzi wa akili au daktari kwenye simu, Jumatano, saa nane, saa moja tu, na tutakuwa na orodha mkononi. Ombi la aina hiyo ni gumu kulikataa kuliko lile la “tuleteeni wataalamu”. Nairobi tuna bahati ambayo wenzetu wa Mandera hawana; mabingwa wengi wa nchi hii wako umbali wa matatu moja.

Wengine usiwangoje Jumatano. Anayesikia sauti, aliyekaa siku kadhaa bila kulala huku akigawa mali na kuongea bila kituo, mama aliyejifungua juzi na ghafla hamtambui mtoto, mwenye mpango wa kujiua: hao wapande gari leo. Na kabla hujaandika fluoxetine kwa yeyote, muulize kama amewahi kuwa na vipindi vya nguvu kupita kiasi bila usingizi. Ukimpa mtu wa hali hiyo dawa ya sonona peke yake unaweza kumrusha juu vibaya.

Kuhusu muda. Chukua rejesta ya wagonjwa wa nje ya mwezi uliopita, uhesabu walioandikiwa “maumivu ya kichwa” au “maumivu ya mwili” zaidi ya mara moja. Muda huo tayari unautumia, Daktari. Unautumia kwa Panadol.

Na uagize dawa. Zisipokuwa kwenye fomu yako ya KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, hazitakuja, na mezani kwa kaunti itaonekana kwamba mtaa wako hauna mgonjwa hata mmoja.

Sitakudanganya kwamba daftari litakuongezea muuguzi wa tatu. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na huko ndiko mshahara wake unakopaswa kutoka. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Ripoti ilikuwa nzuri. Ripoti haimpangi mtu zamu. Lakini utakapokwenda kudai muuguzi ukiwa na orodha ya watu 20, nani amepona, nani amepotea na kwa nini, utasikilizwa tofauti na ukienda na uchovu wako, hata kama uchovu huo ni wa haki.

*

Sista, salamu. Kijana wangu huchomwa sindano kila mwezi katika hospitali kubwa, ngambo ya mji. Ni nauli ya watu wawili kutoka Korogocho na siku nzima ya foleni. Mwezi nauli ikikosekana sindano inaruka, na kijana anaanza tena kuongea na ukuta. Je, haiwezekani achomwe hapa karibu?
Mzee wa Korogocho

Inawezekana, Mzee, na ungeambiwa zamani. Sindano hiyo huenda ni fluphenazine, wengi wanaijua kama Modecate. Muuguzi yeyote wa kituo cha afya anaweza kuidunga. Anachokosa ni karatasi.

Safari ijayo hospitalini, usiondoke bila barua yenye jina la dawa, kipimo, tarehe aliyochomwa na tarehe inayofuata, pamoja na nambari ya simu ya kliniki yenyewe endapo nesi wa mtaani atakuwa na swali. Barua isiyo na tarehe irudishe mezani. Kisha, wiki mbili kabla ya sindano inayofuata, nenda kituoni bila kijana, uulize kama dawa ipo. Ikiwa haipo wana nafasi ya kuitafuta, nawe una nafasi ya kupanga nauli. Uliza pia kuhusu Artane, kidonge cha kutuliza madhara ya sindano, kwa sababu sindano hizo hukaza misuli na kutetemesha mikono, na vijana wengi huzikimbia kwa ajili hiyo bila kusema. Hospitali kubwa ataendelea kuiona kila baada ya miezi michache ili kipimo kikaguliwe, si kila mwezi.

Mkienda maombi, nendeni. Mchungaji akiwaambia muache sindano, mwambieni aje azungumze na nesi, na wawili hao wakikutana itakuwa jambo jema kwa mtaa wote.

Hiyo tarehe ya sindano iandikwe kwako, na kwenye daftari la nesi, na mhudumu wa afya wa plotini apewe pia. Mmoja wenu atasahau.

Mwezi ujao nitajibu barua za akina mama waliojifungua, ambazo zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na moja ya baba.